Bidoni yenye utelezi: sugua kwanza, klorini baadaye

Usitie kidonge cha pili cha klorini kwenye maji ya kunywa. Dada wa Ndosho, hapa Goma, umeandika kwamba bidoni (madumu) zako za manjano zina utelezi ndani, maji yananuka hata baada ya kutiwa dawa, na muuza dawa amekuambia uongeze vidonge viwe viwili. Tuanze na utelezi, kwa sababu huo ndio unaokupotezea vidonge na utakuletea maradhi nyumbani.

Utelezi huo ni bakteria walio hai. Bakteria anapofika kwenye plastiki, mwanzoni ameigusa tu kwa nguvu hafifu, na ukisuuza kwa kutikisa anaondoka na maji. Akiachwa saa chache anajishikiza kwa vinyweleo vyake, kisha anatoa ute wa sukari na protini unaomgandisha pale. Wenzake wanaopita majini wananasa humo humo na kuzaana. Baada ya siku chache ukiingiza kidole mdomoni mwa bidoni unasikia kama umeshika mgongo wa samaki. Utando huo ndio bayofilamu.

Sasa klorini. Klorini haina macho ya kutafuta vijidudu, inaungana na kitu chochote cha uhai inachokutana nacho, na kinachotangulia ni ule ute. Inaishia juu ya utando kabla haijapenya, na walio chini, waliobana kwenye plastiki, hata haijawagusa. Bakteria aliye ndani ya utando anaweza kustahimili dawa mara 10 hadi 1,000 ya kiasi kinachomuua akiwa anaelea. Kidonge cha miligramu 67 kimepimwa kwa lita 20 za maji maangavu, kikitoa takriban miligramu 2 za klorini kwa lita. Viwili ni kwa maji yenye tope. Ukitia viwili kwenye bidoni yenye utando, utando unavila, kesho yake dawa imekwisha majini, na vipande vinavyobanduka vinaingia kikombeni. Au dawa inabaki nyingi, maji yananuka javeli (klorini ya maji inayouzwa kwenye chupa), watoto wanayakataa na kwenda kunywa kwa jirani maji ambayo hayakutiwa chochote. Katika hali zote mbili umelipa mara mbili na hujapata kinga.

Wanaotoa ushauri huo wananikasirisha sana. Bidoni hawajaiangalia, kidole hawajaingiza, jibu lao ni moja tu: ongeza dawa. Na wanaogawa vidonge kwa katoni bila kutamka neno “sugua” wana kosa lile lile. Huu ni mji ambao kuanzia Julai 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua wakimbizi maelfu kwa maelfu. Hapa ushauri wa nusu haufai.

Fanya hivi. Mwaga maji yote. Tia lita 2 za maji, kijiko kikubwa cha sabuni ya unga na viganja viwili vya vikokoto laini vya mviringo. Usitumie changarawe ya lava (mawe ya volkano), hata kama imejaa mlangoni pako: ina makali, inachana plastiki, na kila mchano ni maficho ambayo bakteria watarudi kukaa. Funga, tikisa kwa nguvu dakika 5 huku ukigeuza bidoni pande zote, pia kichwa chini. Maji yatatoka na vipande vya kijani au kahawia. Rudia mpaka yatoke bila vipande, kisha suuza mara tatu.

Mshikio usiusahau. Kwenye bidoni nyingi za manjano una uwazi ndani na vikokoto havifiki vizuri. Pitisha kitambaa chembamba chenye sabuni ukivute huku na huku kama unaweza. Kifuniko nacho kisuguliwe kwa mswaki wa zamani, kwenye nyuzi zake na pete ya mpira.

Hapo ndipo javeli inapata kazi yake. Soma chupa: ikiwa ni asilimia 5, tia vijiko 2 vya chai ndani ya lita 2 za maji, ikiandikwa 12°, hiyo inakaribia asilimia 4, tia 3. Chupa isiyoandikwa nguvu yake usiinunue. Laza bidoni upande mmoja baada ya mwingine kwa dakika 30, mwaga, suuza kwa maji yaliyotibiwa, igeuze ikauke. Javeli usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi inayounguza mapafu.

Ukisha kusafisha, kidonge kimoja kinatosha kwa maji maangavu. Maji ya Ziwa Kivu ni ya alkali, pH yake inakaribia 9, na hapo klorini inapoteza sehemu kubwa ya makali yake, kwa hiyo yasubirishe saa nzima badala ya nusu saa. Weka bidoni kivulini, maana jua likipenya plastiki linaotesha ukijani. Sugua kila wiki, na usijaze juu ya maji ya jana.

Si kila utando una kipindupindu, wengi wa bakteria hao hawaumizi mtu. Lakini kijidudu cha kipindupindu nacho kinajua kujishikiza. Kikimezwa, kinatumia vinyweleo vya aina nyingine kukaa kwenye utumbo mdogo na kumwaga sumu inayotoa maji mwilini, kwa mgonjwa mahututi hata lita moja kwa saa. Mtu akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, mpe maji ya chumvi na sukari mkiwa njiani kwenda kituo cha matibabu, msingoje asubuhi.

Na bidoni ambayo umeisugua mara tatu na mshikio bado unateleza, itumie kuoshea sakafu. Ya kunywa nunua nyingine, ila isiwe iliyowahi kubeba dawa za shambani.