Rangi ya sarafu kuukuu ilivyonipotosha

Niliikuta kwenye kopo la vifungo, imechanganyika na pini na vipande vya uzi. Imelika pande zote mbili hadi ukiipapasa inateleza kidoleni. Rangi yake ndiyo iliyonichanganya: si fedha, si shaba, bali manjano iliyochafuka, yenye mabaka ya kahawia na weupe kidogo pembeni. Nikaamua moja kwa moja kwamba ni shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Siku mbili nikapekua picha za sarafu za manjano za nchi hii na ile, na hakuna hata moja iliyokaribia kufanana nayo.

Kosa langu lilikuwa kuanza na rangi. Sarafu ya fedha ikikaa penye salfa huwa nyeusi kama mkaa. Ya shaba huenda kahawia, kisha kijani. Zile nyeupe za shaba na nikeli zikifukiwa udongoni miaka mingi zinaweza kutoka nyekundu, ukaapa ni shaba tupu. Wanafunzi wa kemia nao wamechangia fujo hii: kuna jaribio maarufu la kuipaka sarafu ya shaba zinki ikawa nyeupe, kisha kuipasha moto ikageuka rangi ya dhahabu. Ukiokota moja ya hizo bila kujua historia yake, utahangaika sana.

Basi nikaiweka rangi kando, nikaanza na vitu visivyobadilika sana.

Cha kwanza ni sumaku, maana ni kazi ya sekunde moja. Mfano wake mzuri ni senti ya Marekani ya 1943. Mwaka ule wa vita shaba ilihitajika kwingine, senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Ni nyeupe, zina gramu 2.7, na sumaku inazinasa. Zipo chache sana za mwaka huohuo zilizopigwa kwa bronzi (mchanganyiko ambao sehemu kubwa ni shaba) kwa bahati mbaya, na hizo ni za thamani kubwa. Ndiyo maana kuna watu wanaozipaka shaba zile za chuma. Sumaku inawaumbua papo hapo. Yangu haikunasa.

Kisha kipimo cha upana na uzito. Nilipata milimita 23.5 hivi na gramu 5.3. Kumbuka kwamba sarafu iliyolika hupungua uzito, haiongezeki, kwa hiyo tafuta iliyo nzito kidogo kuliko yako. Upana haupungui haraka hivyo. Ukingo nao una habari: wangu ulikuwa na mabaki ya vijino vidogo, na penseli ikipitishwa juu ya karatasi nyembamba iliyouzunguka ilivionyesha vizuri zaidi kuliko macho. Sarafu nyingi za shaba za zamani, kama peni ya Uingereza, zina ukingo laini. Hapo nikaanza kushuku kwamba kitu changu cha manjano kilizaliwa cheupe.

Picha yenyewe niliipata usiku. Nilizima taa ya chumba, nikalaza tochi mezani mwanga upite usawa wa uso wa sarafu, nikawa naizungusha taratibu. Taa ya juu inafuta kila kitu. Mwanga wa ubavuni unafufua vivuli. Upande mmoja ukatokea kichwa cha mwanamume kinachotazama kushoto. Upande wa pili kulikuwa na mnyama amesimama juu ya kitu chenye vilima vilima, ndani ya duara, na pembeni herufi tatu tu: IMP, kifupi cha neno la Kilatini la mtawala wa dola. Mnyama ni simba, vilima ni taji. Shilingi ya Uingereza ya enzi za mfalme George V, ambayo ikiwa mpya ina gramu 5.66.

Lakini shilingi ni nyeupe! Nilirudi nyuma tena, nikidhani ni ya bandia.

Jibu lilitoka kwenye kikombe cha maji. Weka kikombe juu ya mizani ndogo inayosoma gramu hadi desimali mbili, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini wala ubavu. Namba inayosomeka ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Yangu ilisoma 0.55. Gawanya 5.3 kwa 0.55, unapata kama gramu 9.6 kwa kila sentimita ya ujazo. Shaba na nikeli hukaa karibu na 8.9, shaba ya manjano huwa chini ya hapo, na fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha kwa elfu, hufika 10.3 hivi. 9.6 iko katikati: nusu fedha.

Uingereza ilishusha fedha kwenye sarafu zake kutoka 925 hadi 500 kwa elfu mwaka 1920. Mchanganyiko wa miaka ile ya mwanzo ulikuwa na sifa mbaya: uso ulitengenezwa uwe mweupe, lakini ukisugulika na mifuko ya watu, rangi ya ndani inachungulia, ya manjano na ya kuchukiza. Kumbe ile rangi niliyoilaumu ilikuwa na habari, ila sikuwa nimejua kuisoma.

Nashukuru sikuisafisha. Miaka ya nyuma niliwahi kuloweka peni ya bronzi kwenye siki na chumvi. Ikatoka ya waridi kama ngozi iliyobabuka, na mwaka uliokuwa ukisomeka kwa shida ukapotea kabisa. Maji safi na kuikausha kwa kuigusagusa na kitambaa, bila kusugua, yanatosha. Ukiona unga wa kijani kibichi unaochipuka tena kila ukiupangusa, itenge na nyingine na uiweke pakavu. Na usizihifadhi kwenye mifuko ya plastiki laini yenye harufu, hiyo huacha utando wa kijani unaonata.

Mwaka wa shilingi yangu haukuonekana kamwe. Ila simba mwenye duara aliondolewa 1927, na nusu fedha ilianza 1920, kwa hiyo kwenye bahasha yake ya karatasi nimeandika: 1920 hadi 1927.