Je, handikapu ya mbio za farasi ni kilema, ubashiri au uchambuzi?

Swali: "Shikamoo, Mwalimu. Nimepewa kazi ya kutafsiri makala za watu wanaochambua mbio za farasi za siku nzima kwa ajili ya wanaobeti. Neno linalonisumbua ni handikapu. Kamusi inanipa ‘kilema’ na ‘kikwazo’, kwa hiyo nikaandika ‘mbio za farasi wenye vikwazo’, na mwandishi wa makala nikamwita ‘mbashiri’. Mhariri amezirudisha zote mbili. Kuna na sentensi hii ambayo anasema itamponza msomaji: ‘Katika mbio nne, farasi watatu ndiye kipenzi, odi 5.’ Nimekosea wapi?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kamusi haikukudanganya, imekupa tawi, nawe ukalidhani ni shina. Tulitafute shina kwanza.

Neno hilo lilizaliwa Uingereza katika karne ya 17, kwenye mchezo wa kubadilishana mali. Wewe una saa, mimi nina kisu, na kila mmoja anakitaka cha mwenzake. Tunamwita mtu wa tatu akadirie tofauti: saa ina thamani zaidi, basi mwenye kisu aongeze kiasi fulani ili wawe sawa. Wote waliweka pesa kidogo, wakatia mikono ndani ya kofia, na mkono ulivyotoka, umefumbwa au umefunguliwa, ndivyo ilivyojulikana nani kakubali na nani kakataa. Jina la mchezo lilikuwa hilohilo: mkono kofiani. Katika karne ya 18 utaratibu huo ukahamia kwenye farasi. Mwamuzi aliulizwa: huyu ana nguvu kuliko yule, abebeshwe uzito gani wa ziada ili mpambano uwe wa haki? Maana ya ulemavu ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo kilichomo ndani ya neno ni kusawazisha, na ukilishika hilo, kazi yako itakuwa nyepesi.

Sasa, watu wa mbio hulitumia neno hili kwa kazi mbili zinazofanywa na watu wawili tofauti, na hapo ndipo wafasiri wengi wanapoteleza.

Kazi ya kwanza ni ya ofisa wa mbio. Huyu hutazama rekodi ya kila farasi, humpa alama, na alama huigeuza kuwa uzito. Farasi bora hubeba zaidi, dhaifu hubeba kidogo. Joki, yaani mpanda farasi, akiwa mwepesi kuliko uzito uliopangwa, vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye tandiko mpaka mizani ikubali. Melbourne Cup ya Australia, inayokimbiwa tangu 1861 na ambayo leo ni ya mita 3,200, ni mbio za namna hii. Kentucky Derby ya Marekani siyo: humo kila farasi dume hubeba ratili 126, yaani kama kilo 57, na majike hupunguziwa ratili 5. Kwa maana hii ya kwanza, mimi huandika "mbio za uzito uliosawazishwa", na baada ya kuzitaja hivyo mara moja, naruhusu "mbio za handikapu", kwa kuwa neno limeshazoeleka kwa wacheza gofu. Ofisa mwenyewe ni "msawazishaji uzito".

"Vikwazo" liache kabisa. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia vikwazo ndani ya mbio, anaona viunzi vya kuruka, na kweli zipo mbio za farasi za kuruka viunzi. Utakuwa umempeleka kwenye mashindano mengine.

Kazi ya pili ni ya yule anayeketi na orodha ya farasi wa siku, penseli mkononi, akiamua pesa zake zimfuate nani. Makala zako zote ni za mtu huyu, wala hamwongezei farasi hata gramu moja. Anasoma nani alikimbia lini, umbali gani, kwenye nyasi au udongo, uwanja ukiwa mkavu au tope, joki akiwa nani, mara ya mwisho alimaliza wa ngapi na nyuma ya nani. Kisha anaanza kuondoa. Huyu amezoea mita 1,200 na leo ni 2,000, atoke. Huyu hajawahi kukimbia kwenye tope. Huyu mara zote hupenda kutangulia, lakini leo wako wanne wenye tabia hiyo, watakamiana mwanzoni na kuchoka. Basi pengine siku ni ya mmaliziaji anayekuja kwa nyuma. Huyu ameshushwa daraja, leo anakutana na walio chini yake, abaki.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, tena kizuri mno: kuchambua. Kabla ya wachambuzi wa soka, kitenzi hiki kilikuwa cha mikono. Tunachambua pamba kwa kutoa mbegu. Tunachambua mboga: jani lililooza huku, zuri huku, mpaka linabaki fungu la kupikwa. Mwenye orodha ya farasi kumi anafanya kitu kilekile mpaka wanabaki wawili au watatu wa kuwekea dau. Nimejaribu maneno mengine kwa miaka mingi, kukadiria, kutathmini, kupima, na yote yanafaa hapa na pale, lakini kuchambua peke yake ndilo linaloonyesha kitendo cha kutenga na kutupa. Mwandishi wako, basi, ni "mchambuzi wa mbio za farasi".

Kwa nini mhariri alimkataa "mbashiri"? Nakubaliana naye, ingawa si kwa sababu neno ni baya. Kubashiri limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kuleta habari njema. Kutabiri nalo lina undugu na kufasiri ndoto. Kupiga ramli ni kusoma mchanga, maana ramli ndiyo mchanga wenyewe. Kubahatisha linategemea bahati. Yatazame maneno haya manne kwa pamoja: lipi linaloonyesha ushahidi? Mbashiri hutamka, wala hadaiwi sababu. Mchambuzi anadaiwa sababu kwa kila farasi aliyemtupa na kila aliyembakiza. Nami naliona jambo hili kuwa zito, kwa kuwa anayekusoma ataweka pesa zake, na ukimwita mwandishi mbashiri unampa madaraka ambayo hana. Hata anayeongoza kwa pesa zilizowekwa hushinda, kwa wastani, karibu mara moja tu katika kila mbio tatu. Msomaji anastahili kujua kwamba mbele yake kuna hoja, na hoja inaweza kukosea.

Sisemi neno kubashiri lifutwe. "Michezo ya kubashiri" imeshakuwa jina rasmi la biashara hii na sina ugomvi nalo. Litumie mwishoni, mchambuzi akishamaliza kazi na kutaja mshindi wake: hapo amebashiri. Mia moja ya maneno ya juu ni uchambuzi, na yale matano ya mwisho ndiyo ubashiri.

Sasa ile sentensi yako. Ni fupi, lakini imebeba makosa manne, na nitayapitia moja moja kwa sababu kila moja lina pesa ndani yake.

"Katika mbio nne." Ulikusudia shindano la nne katika orodha ya siku. Ulichoandika ni mashindano manne kwa jumla. Mbio ni neno ambalo kwa kawaida hukaa katika wingi hata zikiwa moja, mbio hizi, mbio zile, kwa hiyo kiungo "za" ndicho pekee kinachotenganisha "mbio nne" na "mbio za nne". Katika orodha ya siku nzima mimi huacha kabisa kubahatisha na kiungo hicho, naandika "shindano la nne". Shindano lina umoja na wingi ulio wazi, na hakuna atakayekosea.

"Farasi watatu." Hapa mhariri wako ana haki ya kupaza sauti. Farasi watatu ni idadi. Farasi wa tatu ni nafasi, aliyemaliza nyuma ya wawili. Wewe hukukusudia hata moja kati ya hayo. Ulikusudia farasi aliyevaa namba 3. Mambo matatu tofauti, na kinachotenga mawili ya kwanza ni nafasi tupu kati ya "wa" na "tatu", ambayo sikio halisikii vizuri. Tega sikio: wa tatu, watatu, wa nne, wanne, wa tano, watano, wa nane, wanane. Kwa moja na mbili hakuna hatari, kwani tunasema wa kwanza na wa pili. Kwa sita, saba, tisa na kumi pia hakuna, maana namba hizo hazichukui kiambishi: farasi sita, farasi wa sita. Hatari iko kwenye zile nne tu, nazo ndizo zinazojaa kwenye karatasi za mbio. Kuna dau la kumtaja atakayeshinda, kuna la atakayeingia katika watatu wa mbele, na kuna la kuwapanga wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa mfuatano. Mtu akisikia "weka kwa farasi watatu" anaweza kununua tiketi ya aina nyingine kabisa. Kwa farasi mwenye namba, andika "namba 3" na usiongeze kitu. Kwa idadi, andika "farasi watatu". Kwa nafasi, andika "aliyeshika nafasi ya tatu".

"Kipenzi." Kipenzi hupendwa. Farasi mzee aliyekimbia miaka saba na kuwaliza watu anaweza kuwa kipenzi cha uwanja mzima, na bado asiwekewe pesa nyingi. Unayemtaka ni yule ambaye pesa nyingi zaidi zimemwendea, na lugha yetu imemwandalia msemo tangu zamani: anayepigiwa upatu. Upatu ni ile sahani ya shaba inayopigwa ngomani. Waandishi wa michezo wanautumia msemo huu kila wiki kwa timu na mabondia, na kwa farasi unakaa vizuri zaidi, maana kelele za wanaobeti ndizo hasa zinazomfanya awe hivyo. Katika mfumo wa mfuko wa pamoja, aliouanzisha Joseph Oller huko Paris katika miaka ya 1860, hakuna mtu mmoja anayepanga nani apigiwe upatu. Pesa zote huingia mfuko mmoja, mwenye mchezo hukata fungu lake, zinazobaki hugawanywa kwa waliopatia. Kila noti inayoingia kwa namba 3 inapunguza malipo yake na kuongeza ya wengine, mpaka malango yafunguliwe.

Limebaki "odi 5", yaani kiwango cha malipo ya dau, nalo ndilo zito kuliko yote. Asili yako, bila shaka, ilisema 5 kwa 2. Maana yake: kwa kila 2 unazoweka, faida ni 5, na dau lako linarudi. Jumla unapokea 7. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea mikeka ya mpira anasoma odi kwa desimali, na ndani ya desimali dau lake limeshahesabiwa. Kwake 5 kwa 2 ni odi 3.50, na "odi 5" ingemletea 10 kwa kila 2. Umemwahidi 3 ambazo hazipo. Ama ubaki na mtindo wa asili na uueleze mara moja mwanzoni, ama ubadilishe zote ziwe desimali kwa kugawanya na kuongeza 1. Usichanganye ndani ya ukurasa mmoja.

Angalia pia namba ipi inatangulia. Mwaka 1973 farasi Secretariat alishinda mbio za Belmont Stakes za Marekani kwa tofauti ya urefu wa farasi 31, maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24. Alikuwa 1 kwa 10: aliyeweka dola 2 alipokea dola 2 na senti 20. Mwaka 2022 farasi Rich Strike alishinda Kentucky Derby akiwa 80 kwa 1, na tiketi ya dola 2 ikalipa dola 163 na senti 60. Mfasiri akigeuza "1 kwa 10" kuwa "10 kwa 1", kwa sababu sikio linapenda namba kubwa itangulie, atakuwa amemfanya farasi aliyepigiwa upatu kuliko wote aonekane asiyedhaniwa.

Huenda makala hizo zinahusu farasi wa aina ya thorobredi. Usiseme "farasi halisi" wala "farasi wa damu safi", kana kwamba wengine ni bandia. Ni jina la ukoo mmoja, ambao kwa upande wa madume unarudi kwa watatu walioingizwa Uingereza kutoka Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Jina la ukoo huachwa kama jina: thorobredi. Na ukikutana na shindano la farasi ambao hawajapata ushindi hata mara moja, ambao Kiingereza huwaita kwa neno la mwanamwali, usilete mabikira. Andika "farasi ambao hawajawahi kushinda". Ni refu kidogo, lakini linaeleweka mara moja.

Sentensi yako, basi, iwe hivi: "Shindano la nne: anayepigiwa upatu ni namba 3, malipo 5 kwa 2."