Binti anataka uhandisi wa umeme: jibu langu kwa mzazi aliyeuliza

Mama mwenzangu, umeuliza kama ni busara kumruhusu binti yako asomee uhandisi wa umeme, ilhali shangazi zake wanasema wasichana wengi wanaoingia kazi hizo huishia kuziacha. Shangazi hawakukudanganya. Lakini sababu wanayokupa, kwamba hesabu na vyuma humshinda mwanamke, siyo niliyoiona katika miaka 11 ya kukarabati makontena ya baridi, tunayoyaita rifa, hapa Mombasa.

Hesabu tuliimaliza darasani, na wala hatukuwa nyuma. Matatizo yangu yalianza na choo. Yadi ya kwanza niliyopangiwa ilikuwa na choo kimoja cha mafundi, kisicho na komeo, na cha wanawake kilikuwa jengo la ofisi, mwendo wa dakika 12 kwenda tu. Ovaroli niliyopewa ilikuwa ya kiume, kipande kimoja kutoka shingoni hadi miguuni, kwa hiyo kila haja ilinilazimu kuvua mkanda wa usalama, kisha nguo yote, katika joto la kaskazi. Nikaacha kunywa maji kazini. Mwezi wa pili nikatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, na nilipoomba ruhusa, msimamizi akaandika kwamba afya yangu haihimili yadi. Choo kikaandikwa kama udhaifu wangu.

Kwa maandishi hayo nikahamishiwa ofisini kujaza fomu na kuandika kumbukumbu za mikutano, na hasara ya hapo watu wa nje hawaioni. Mhandisi mhitimu hasajiliwi na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kuwa mhandisi kamili mpaka awe na uzoefu wa vitendo usiopungua miaka 3 chini ya usimamizi. Wenzangu wa kiume waliokuwa wakifungua kompresa, pampu za gesi ya kupozea, na kubadilisha kontakta, swichi za umeme mkubwa, zilizoungua walikuwa wakijikusanyia uzoefu huo. Mimi nilikuwa nikiwapigia chapa ripoti zao. Mshahara ulikuwa uleule, hivyo sikushtuka hadi walipoanza kupandishwa vyeo.

Aliyenirudisha yadini ni fundi mmoja mtu mzima wa Changamwe. Usiku mmoja zamu ilipungukiwa watu, nikaitwa, na kontena la maparachichi lilikuwa likipanda joto. Alinikabidhi mita, akasema, "Pima, mwanangu, usinitazame mimi." Fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu za umeme zinazoliendesha kontena, haikuwepo: pini ya plagi ilikuwa imeliwa na chumvi, jambo la kawaida kwetu pwani. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa msimamizi kuomba nibaki kwenye zamu yake. Hakuwa na cheo kikubwa, ila alisikilizwa, nami sijui ningekuwa wapi leo kama angenyamaza.

Kuhusu uzazi, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo yenye mshahara kamili na haki ya kurudi kazini kwake, na hilo nililipata bila ubishi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Kwetu kilitengwa, katika jengo lilelile la ofisi.

Najua watu watakutajia Elizabeth Marami, mwanamke wa kwanza nchini kuwa rubani wa meli, tena hapahapa Mombasa. Ni fahari yetu sote, ila binti yako atahitaji kuuliza mambo madogo kuliko hayo. Mwache asome. Siku ya kwenda atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kabla ya habari ya posho, aulize choo cha wanawake kiko umbali gani na yadi, na ni nani atakayetia sahihi kwenye daftari lake la kazi za vitendo. Wakisita katika la pili, atafute kwingine mapema.

Ovaroli za vipande viwili hunishonea fundi cherehani wa Kongowea. Akifikia hapo niandikie, nitakuelekeza kwake.