Maswali ya Wasomaji: Msibani, na Baada ya Kuanua Matanga

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Kila moja ina swali lake, ila zote zinagusa jambo moja: lile tumaini tunaloliimba kanisani lina kazi gani siku ambayo jeneza liko sebuleni? Tumezijibu tano.

*Mume wangu alifariki miezi mitatu iliyopita. Nikilia, akina mama wenzangu wa kanisani wananinyamazisha: "Mama, shukuru Mungu. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Ukilia hivyo ni kama huna tumaini." Sasa naingia jikoni nalilia kwenye moshi, mtu akiuliza nasingizia kuni mbichi. Ni kweli nimepungukiwa imani?* — Mjane, Tukuyu

Pole sana, mama. Hujapungukiwa, na toka kwenye huo moshi.

Mstari wanaokupigia nao ni 1 Wathesalonike 4:13, lakini wanausoma nusu. Paulo hakuandika "msihuzunike" akaweka nukta. Anasema tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Anayempinga ni yule anayelia akiamini kwamba kaburi ndiyo mwisho wa habari. Wewe unalia ukimngojea mtu. Hiyo ni huzuni ya aina nyingine, na hakuna mahali Paulo alipoipimia idadi ya machozi.

Ukitaka ushahidi wa juu zaidi, soma Yohana 11. Yesu ameshawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Anajua atakachofanya dakika chache zijazo. Hata hivyo anafika, anamwona Mariamu, dada wa marehemu, analia, naye analia. Kama uhakika wa ufufuo ungekuwa unakausha macho, yake ndiyo yangekuwa ya kwanza kukauka. Tena 1 Wakorintho 15:26 inaiita mauti adui, adui wa mwisho. Hatulazimiki kumpigia adui makofi akiwa bado mlangoni.

Na yale maneno ya "Bwana alitoa" ni ya Ayubu, aliyasema yeye mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Mfiwa akiyafikia kwa miguu yake ni sala. Mgeni akiyatamka akiwa ameshika kikombe cha chai, ni amri ya kunyamaza. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno (Ayubu 2:13), na hapo walikuwa wanafanya vizuri. Walipofungua midomo kuelezea sababu ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao.

Kwa hao akina mama, kama wanasoma hapa: msimwambie mjane "ukihitaji chochote sema." Hatasema. Chukueni daftari, pangeni zamu ya watu wawili kila Jumamosi kwa wiki kumi na mbili baada ya matanga, maana umati ukiondoka ndipo nyumba inapokuwa kubwa. Mkienda, nendeni na kazi mkononi: kumkatia ng'ombe majani, kupalilia, kumsindikiza kufuatilia cheti cha kifo. Hilo la cheti lisichelewe. Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30, na bila cheti hakuna mirathi wala mafao. Pia andikeni tarehe aliyofariki marehemu. Mwaka ukizunguka, mfiwa huamka siku hiyo akidhani wote wamesahau.

Mama, kubanwa kifua, kusahau ulichofuata chumbani, kusikia kama hatua zake mlangoni jioni, hayo ni ya kawaida na huja kwa mawimbi. Ila ikipita nusu mwaka na bado kila siku huwezi kula, kulala wala kushika kazi, au ukiona afadhali ufe umfuate, usingoje zamu ya Jumamosi. Mwambie mtu leo hii, mwende wote hospitali mkaulizie huduma ya afya ya akili. Maombi na daktari havigombani.

*Kaka yangu amefariki, ameacha mtoto wa miaka sita. Wakubwa wamemwambia baba amesafiri kwenda Dar. Mazishi ni keshokutwa. Tumwambieje, na aende makaburini?* — Shangazi, Iringa

Umetuandikia ukiwa na siku mbili, kwa hiyo jibu hili tulikutumia mapema kwa simu. Tunalichapa kwa ajili ya wengine.

Mwambieni ukweli, na neno liwe "amekufa". Si "amesafiri", kwa sababu anayesafiri hurudi, na mtoto atakaa barazani kila basi la jioni likipita. Si "amelala" pia, ingawa ni neno la Biblia, kwani mtoto wa miaka sita anaweza kuanza kuogopa kitanda. Angalieni Yohana 11 tena: Yesu alisema Lazaro amelala, na wanafunzi, watu wazima wenye ndevu, wakadhani ni usingizi. Ikabidi awaambie waziwazi: Lazaro amekufa.

Amwambie mtu mmoja anayemwamini, mahali pa utulivu, awe ameketi urefu wa macho yake. Sentensi ziwe fupi: "Baba alikuwa na ugonjwa mkubwa wa moyo. Madaktari walijaribu, haukupona. Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, hatarudi nyumbani." Utajeni ugonjwa kwa jina. Ukisema tu "aliumwa", siku mama yake akipata mafua mtoto ataanza kuhesabu. Kisha nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kuuliza kama leo kuna chapati, anaweza kukimbilia mpira. Usimwone hana uchungu. Watoto huingia kwenye huzuni na kutoka, kama mtu anayepima maji ya mto kwa mguu.

Tumaini lifuate, lisitangulie. Akishaelewa kwamba baba amekufa, mwambie: "Yesu naye alikufa, Mungu akamfufua. Tunaamini atamfufua na baba." Ukianza na mbinguni kabla ya kifo, unamrudisha kwenye safari ya Dar. Na tafadhali asiambiwe "Mungu alimpenda zaidi akamchukua." Mtoto hodari wa kufikiri atauliza Mungu anampenda nani anayefuata.

Makaburini aende akitaka, ila aelezwe kwanza atakachoona: sanduku, shimo, watu wanalia kwa sauti, udongo unarudishwa. Awe na mtu wake mmoja wa kumshika mkono, baba mdogo au wewe shangazi. Asiwe mama yake, ambaye siku hiyo anashikwa na wengine. Mtu huyo awe tayari kuondoka naye wakati wowote. Asilazimishwe kuaga mwili. Mpeni kitu cha kufanya, kama kushika ua.

Mjiandae kwa swali ambalo kwa baridi ya huko mnaweza kulisikia: "Baba hasikii baridi kule chini?" Jibu ni hapana. Mwili uliokufa hausikii baridi wala giza. Ataliuliza tena kesho na wiki ijayo. Jibuni vilevile, kwa maneno yaleyale. Akirudia kukojoa kitandani au kumng'ang'ania mama, mvumilieni. Mwalimu wake ajulishwe, na arudi shuleni mapema, maana kengele ya saa mbili humtuliza mtoto kuliko tunavyodhani.

*Shikamooni. Mimi ni mzee wa kanisa, kijana bado. Mchungaji yuko mbali, nimepangiwa kuongoza ibada ya faraja jioni nyumbani kwa wafiwa. Niipangeje?* — Njombe

Marahaba. Anza saa kumi na moja jioni, uwe umemaliza kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Mwezi wa sita na wa saba huko Njombe watu wakikaa nje hadi saa mbili usiku, wanaacha kusikiliza wanahesabu mablanketi. Nyimbo mbili za kuanzia, zile ambazo bibi anazijua bila kitabu. Somo moja, mistari sita hadi kumi. Neno dakika kumi. Maombi, wimbo, baraka.

Kwenye neno, mtaje marehemu kwa jina. Sema kifo ni kibaya. Sema Kristo amefufuka, na kwamba tunachongoja ni ufufuo wa mwili. Hapa wengi huteleza, wakahubiri roho inayopaa tu, kana kwamba mwili ulioogeshwa na kuvikwa kwa heshima ile ni ganda la karanga. Paulo katika 1 Wakorintho 15 anaulinganisha na mbegu: inapandwa, inaota. Wakulima wa viazi hawahitaji maelezo zaidi. Kisha keti.

Yanayoharibu ibada hizi yanajulikana. La kwanza ni kulitumia jeneza kutisha watu: "wewe unayecheka, kesho zamu yako". La pili ni kumpangia marehemu makao, pema au pabaya. Hiyo kazi si yako, mkabidhi kwa Mungu. La tatu ndilo la hatari kuliko yote: kudokeza kwamba kuna mkono wa mtu. Huhitaji kutaja mchawi. Ukisema tu "adui yuko karibu, tena mnamjua", kufika asubuhi kuna shangazi mzee hasalimiwi. Usidokeze kabisa, na mwingine akianza kudokeza, inua wimbo.

Michango ya rambirambi itangazwe nje ya ibada, jumla tu, bila orodha ya nani katoa ngapi. Chai ya watu themanini ni lita 24, majani gramu 200 na sukari kilo mbili. Iletwe na jumuiya, isitoke stoo ya wafiwa.

*Mtoto wetu aliishi saa chache tu akafariki, hakuwahi kubatizwa. Mama mkwe anasema hastahili ibada. Ni kweli?* — Baba wa Mbozi

Poleni sana, wewe na mwenzio. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1183, inampa askofu uwezo wa kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Kwa hiyo mwoneni paroko, mkamwambie nia yenu. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilieleza kwamba kuna misingi ya kuwatumainia wokovu watoto kama huyu. Kama ninyi ni Walutheri au Wamoraviani, ongeeni na mchungaji. Ombeni, msisubiri kupewa. Daudi alipofiwa na mtoto wake alisema yeye atamwendea, ingawa mtoto hatamrudia (2 Samweli 12:23).

Mpeni jina. Alizaliwa hai, hivyo ana haki ya kusajiliwa kuzaliwa kwake na kufariki kwake.

Jambo ambalo baba huenda hujaambiwa: maziwa ya mama hutoka hata kama mtoto hayupo, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa wanawake wengi hiyo ndiyo saa ngumu kuliko mazishi. Vitambaa vya maji baridi na sidiria inayoshika vizuri husaidia. Akamue kidogo tu kupunguza kubana, kwani akikamua yote yataongezeka. Kukiwa na homa au wekundu, zahanati.

Kwa watakaopatwa baadaye: mtoto akiwa hatarini Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, muuguzi hata bibi, kwa kumwagia maji kichwani akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Anabatizwa aliye hai. Aliyekwisha kufa anaombewa.

*Nataka kumjengea baba kaburi kabla ya arobaini. Fundi anasema nisubiri, ndugu wanasema nachelewesha heshima.* — Rungwe

Msikilize fundi. Udongo uliorudishwa kaburini ni mlegevu, nao hushuka mvua ikinyesha. Baadaye kifuniko cha sanduku, hasa la mbao za paini, huoza na udongo ukashuka tena. Zege la mwezi wa kwanza hubaki likining'inia juu ya tupu, kisha hupasuka katikati. Acha msimu mmoja kamili wa mvua upite, ukiongeza udongo kila unapotitia. Kwa sasa msalaba wa mbao ngumu wenye jina na tarehe unatosha.

Ukifika wakati, mfuniko uzidi shimo nusu futi kila upande, ili ukalie ardhi ambayo haikuchimbwa. Kwa unene wa inchi tatu, kaburi la mtu mzima linakula mfuko mmoja na nusu wa saruji, mchanga ndoo tano za lita 20, kokoto ndoo kumi, na nondo ndani. Limwagilie siku saba. Marumaru si lazima, na yakikulazimu kukopa, acha.

Kama ninyi ni Wamoraviani, mna sababu nyingine ya kutokuwa na haraka: kaburi mtalirudia kila Pasaka. Desturi yenu ya kusali makaburini alfajiri ya Pasaka ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari wenu walifika Rungwe mwaka 1891. Pasaka huangukia mvua zikiwa bado zinanyesha, majani yamefika magotini. Nendeni Jumamosi na fyekeo na buti, msafishe na la jirani asiye na mtu.