Muulize Babu wa Usukani: Baba ana miaka 72, leseni inaisha

SWALI: Shikamoo babu. Baba yangu ana miaka 72 na leseni yake ya daraja D inaisha mwezi ujao. Baba mdogo anaishi Leicester, Uingereza. Amempigia simu akamwambia ukifikisha 70 leseni inakufa. Tangu hapo baba amenuna, anasema haendi kuhuisha, heri auze gari. Mama hasemi kitu, ila naona amefurahi, kwa sababu wakirudi kutoka Arusha usiku baba hupunguza mwendo kila basi linapokuja mbele. Je, ni kweli anazuiwa? Na mwakani anakwenda kumtembelea baba mdogo, ataruhusiwa kuendesha huko?
Binti wa Soweto, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba aache kununa, sheria ya Uingereza haivuki bahari kumfuata mtu Soweto. Na hata hiyo yenyewe baba yako mdogo ameielezea nusu. Kule leseni huisha ukitimiza 70, ni kweli, lakini unaomba tena bila malipo, kisha unarudia kila miaka 3. Hurudishwi barabarani kutahiniwa. Unajaza mwenyewe kama unaona vizuri na kama una ugonjwa unaotakiwa kutajwa, mfano kisukari cha sindano. Ukificha ugonjwa wa namna hiyo, faini inaweza kufika pauni 1,000.

Kwetu kadi hudumu miaka 5 tangu bajeti ya 2019/20, ilipopandishwa kutoka miaka 3, na ada nayo ikapanda kutoka 40,000 hadi 70,000. Baba awe na TIN, leseni ya zamani, apite kwa trafiki kisha TRA. Kabla ya yote mwangalizie deni la faini kwenye mfumo wa polisi. Wazee wengi hukwama hapo, kumbe kijana wa nyumbani ndiye aliyepigwa tochi ya mwendokasi na hakusema.

Kwangu mimi, la leseni ni dogo. Lililo kubwa umelitaja kwa kupita tu: basi likija mbele, baba anapunguza mwendo. Nimefundisha udereva hapa Moshi hadi nikastaafu, na dalili hiyo naijua. Mtu mwenye mtoto wa jicho mchana anaweza kuendesha bila shida, lakini usiku taa ikimpiga, mwanga unatawanyika kioo kizima na barabara inapotea. Sasa fikiria hilo likimkuta pale daraja la Kikafu, lori likiwa nyuma yake.

Mpime leo jioni kabla jua halijazama. Chukua futi ya fundi, pima mita 20 kutoka gari la jirani, baba asome namba. Ndicho kipimo cha Waingereza. Msimpe gari lake mwenyewe, namba hiyo anaisoma hata akiwa usingizini! Kama huvaa miwani akiendesha, aivae. Akisoma au asisome, mpeleke idara ya macho, hospitali ya KCMC. Kusoma namba hakuonyeshi presha ya macho, ambayo hula pembeni kwanza, upande bodaboda anakotokea. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, na wapo wazee waliorudi usukani vizuri baada yake.

Usimwambie baba amezeeka. Mwombe tu akirudi kutoka Arusha aondoke saa tisa alasiri. Akibisha, mkumbushe mume wa Malkia Elizabeth. Januari 2019, akiwa na miaka 97, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham, gari lake likapinduka, na kwenye gari la pili mama mmoja akavunjika kifundo cha mkono. Alieleza kwamba jua lilikuwa chini. Mwezi uliofuata akarudisha leseni yake mwenyewe, wala hakuna aliyemdharau.

Kuhusu safari: mgeni mwenye leseni hai ya Tanzania anaweza kuendesha gari dogo Uingereza hadi miezi 12. Kwa hiyo ahuishe kabla ya kupanda ndege. Pia baba mdogo aongeze jina la baba kwenye bima ya gari mapema, na awaambie bima umri wake halisi na kwamba leseni ni ya Tanzania. Bila hiyo bima, baba apande kama abiria.