Re: Pesa za simu zimetusaidia au zimetuumiza?
Ndugu, kwangu zimesaidia sana. Kabla ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008, wengi tulimtumia mama hela kijijini kwa kumpa kondakta wa basi bahasha na kumwomba Mungu ifike. Leo anaipata papo hapo, anatoa kwa wakala wa jirani.

Kinachoniuma ni hii mikopo ya mitandaoni. Unabonyeza "ruhusu", programu inazoa namba zote zilizomo kwenye simu. Ukichelewa kulipa, bosi, shemeji, hata mchungaji wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Huo ni udhalilishaji kabisa! Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku majukwaa 69 yasiyo na leseni. Kabla hujakopa, hakiki kwanza leseni yao.