Baiskeli ya zamani ya milima kwa msimu wa mvua: nianzie wapi?

SWALI

Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Igoma, Mwanza, na shule ninayofundisha iko mbele ya Kisesa. Nina baiskeli ya milima ya mtumba: fremu ya chuma, matairi ya inchi 26, shokapu mbele tu, gia 21 na breki za kubana ringi. Imekaa stoo muda mrefu, na shokapu imekufa, haibonyei tena. Nataka kuifufua niende nayo kazini kipindi chote cha mvua, tangu vuli hadi masika. Nimesoma maelezo ya waendesha baiskeli wa Ulaya wanaofufua baiskeli za aina hii kwa ajili ya majira ya baridi. Wanasisitiza madigadi marefu, matairi yenye misumari, gia chache na breki za diski. Je, nifuate hayo? Na ninunue shokapu mpya? Njia yangu nusu ni lami, nusu ni barabara ya vumbi inayopita kando ya majaruba.

Mwalimu, Igoma

JIBU

Habari ni njema, mwalimu. Shokapu mpya usinunue. Tafuta uma wa chuma wa kawaida, yaani usio na springi, na fedha utakayookoa iweke kwenye gololi, breki na matairi.

Maelezo uliyosoma ni sahihi kwa wale walioandikiwa. Kule wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo ndiyo inayotafuna minyororo, nyaya na boliti. Misumari ya tairi nayo ni ya kung'ata barafu. Kwenye lami iliyolowa au juu ya jabali, misumari hiyo itakutelezesha tu. Sisi barafu hatuna, chumvi barabarani hatuna, na maji ya ziwa letu hayana chumvi. Kinachoua baiskeli Mwanza ni mchanga. Mji umekaa juu ya mawe ya graniti, na jiwe hilo likimomonyoka huacha chembe ambazo ni ngumu kuliko alumini ya ringi yako na hata kuliko chuma cha kawaida. Udongo huo wa kichanga Wasukuma wanauita luseni. Mvua ikipiga, maji yanaushusha kutoka milimani hadi barabarani, tairi linauokota na kuurusha kwenye mnyororo, kwenye breki na chini ya usukani. Kwa hiyo kila shilingi utakayotumia, jiulize kama inazuia mchanga kuingia au inarahisisha kuutoa. Ukishika hilo, mengine yatajipanga.

Tuanze na uma. Shokapu za bei nafuu za zamani zina springi ndani na bushi za plastiki. Mchanga ukishapita raba ya juu hautoki, na vipuri vyake havipatikani. Hata ukinunua mpya ya bei hiyo hiyo, baada ya masika moja utarudi pale pale. Uma wa kawaida hauna kitu cha kufa ndani, tena ni mwepesi. Ila usichukue uma wowote unaoingia. Pima ule wa zamani kutoka katikati ya ekseli ya gurudumu hadi pale uma unapokutana na kikombe cha chini cha usukani. Shokapu iliyokuwa inabonyea milimita 80 huwa na urefu wa karibu milimita 440 hadi 450. Kwa kuwa ulipokuwa umekaa juu yake ilizama kidogo, uma wenye milimita 420 hadi 440 utakufaa. Ukifunga mfupi sana, pua ya baiskeli inashuka, usukani unakuwa na wasiwasi kwenye mteremko, na pedali zinakaribia kugonga mawe. Kila milimita 20 zinabadilisha pembe ya mbele kwa karibu digrii moja, na mwili utaisikia.

Pima pia unene wa shina la uma: kuna la milimita 25.4 na la milimita 28.6, nayo hayaingiliani. Angalia kama la kwako lina nyuzi za kufungia nati kwa juu au ni laini, na kama uma unaonunua una vishikio vya breki pande zote mbili na tundu la kufungia madigadi. Beba uma wa zamani mkononi unapokwenda kwa wauza vipuri vya mtumba, usitegemee kukumbuka vipimo.

Sasa gololi, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Baiskeli iliyokaa stoo miaka inaonekana inazunguka vizuri, lakini grisi ndani imeshakauka ikawa ngumu kama gundi ya seremala. Fungua habu zote mbili, ekseli ya katikati na vikombe vya usukani. Osha kwa mafuta ya taa, futa kwa kitambaa, kisha chukua koni ya habu, ile nati ya ekseli ambayo gololi huzunguka juu yake, uende nayo juani. Utaona mstari mahali gololi zinapopita. Ukiwa laini na unang'aa, koni ni nzima. Chukua kalamu ya wino ya kawaida, ipitishe ncha yake polepole juu ya mstari huo mzunguko mzima. Ncha ikikwama au ikiruka hata kidogo, pana kishimo, na koni hiyo itasaga gololi mpya kabla mvua hazijaisha. Badilisha. Kalamu inahisi kile ambacho jicho halioni, kwa hiyo ipitishe hata kwenye koni unayoiona nzima.

Gololi zenyewe zibadilishe zote, usichanganye za zamani na mpya. Kwa kawaida habu ya mbele hutumia za inchi 3/16, kumi kila upande, na ya nyuma za inchi 1/4, tisa kila upande, lakini hesabu zako kabla ya kuzimwaga. Kuhusu grisi, ulizia kwa wauza vipuri vya injini za boti, karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, wakupe grisi ya boti. Imetengenezwa kwa ajili ya vyuma vinavyozama majini na haioshwi kwa urahisi. Paka kwa wingi. Inayojitokeza nje ukishafunga iache siku mbili tatu kabla ya kuifuta, kwa sababu ile ya pembeni ndiyo inayosimamisha mchanga.

Ekseli ya katikati, kama ni ya gololi za wazi, ningeitoa niweke ile ambayo beringi zake zimefunikwa kabisa. Pale chini ndipo maji ya tairi la mbele yanapopiga moja kwa moja. Pima upana wa bomba la fremu, ni milimita 68 au 73, na urefu wa ekseli yenyewe. Kwenye fremu nyingi za milima kikombe cha upande wa mnyororo hufunguliwa kinyume, yaani kwa kuzungusha kuelekea saa inavyokwenda. Ni sawa na pedali ya kushoto. Mafundi wengi wa barabarani wanajua, ila simama hapo uangalie, maana nyuzi za fremu zikiliwa hazirudi. Ekseli ikiwa nje, toa na bomba la siti, pindua fremu na uigonge taratibu. Maji na vipande vya kutu vitamwagika. Mwagia oili nyepesi ndani, izungushe ienee, na hakikisha tundu dogo la chini ya bomba halijaziba. Bomba la siti lirudi likiwa na grisi, la sivyo litaganda humo moja kwa moja.

Kabla hujarudisha uma, kata pete ya upana wa vidole viwili kutoka kwenye tyubu ya zamani na uivalishe juu ya kikombe cha chini cha usukani. Haina gharama, na kikombe hicho ndicho huwa cha kwanza kuharibika kwenye mvua.

Breki za diski ziache. Fremu yako haina vishikio vyake, habu zako hazizipokei, na kuchomelea kishikio kwenye fremu ya zamani ni kuidhoofisha mahali inapobeba nguvu nyingi. Breki za kubana ringi zinatosha, kwa sharti kwamba ringi ni ya alumini. Jaribu kwa sumaku. Ikinasa, ringi ni ya chuma, na chuma kikilowa breki hazishiki. Hapo badilisha ringi kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya uma. Kama ni alumini, weka ukingo wa rula ubavuni mwa ringi, pale breki zinapobana. Ukiona mwanga unapita katikati, ubavu umeliwa ukawa bonde. Bonde likiwa la kina, ringi hiyo inaweza kupasuka tairi likiwa limejaa upepo, na mara nyingi inapasukia mteremkoni breki zikiwa zimebanwa.

Raba za breki nunua mpya, laini, na uzoee kuzikagua. Baada ya siku ya mvua zigeuze utazame uso wake: utakuta chembe za mchanga zimezama kwenye raba, na pengine vipande vinavyometa vya alumini ya ringi yako mwenyewe. Vitoe kimoja kimoja kwa ncha ya kisu, kisha sugua uso kwa msasa hadi urudi kuwa mweusi mtupu. Ile sauti ya kukwaruza unayoisikia ukibana breki kwenye mvua ni vipande hivyo vinachonga ringi. Dakika chache za kisu na msasa kila mwisho wa wiki zitaipa ringi maisha marefu kuliko raba ya bei yoyote.

Waya za breki na ganda lake badilisha zote. Usikubali kufungiwa ganda la gia kwenye breki: ganda la gia lina nyaya zilizolala kwa urefu, na ukibana breki kwa nguvu linaweza kupasuka. La breki limesokotwa kama springi na halipasuki hivyo. Ukiwa barabarani, bana kidogo mapema ili mzunguko wa kwanza ufute maji, ndipo ubane kweli. Mvua ya kwanza ya vuli iogope zaidi, kwa kuwa lami imekusanya oili ya magari kiangazi chote na inateleza kuliko siku nyingine yoyote.

Kwenye gia nakubaliana na Wazungu hao. Kama sproketi zako tatu za mbele zimefungwa kwa boliti, baki na ya katikati tu. Utahitaji boliti fupi au washa za kujazia, maana zile za zamani zilipitia sproketi mbili. Kile kibadilisha gia cha mbele usikitupe. Toa waya wake, kifunge juu ya sproketi uliyobakiza ili kizuie mnyororo kuruka nje. Kama sproketi zimepigwa ribiti, ziache zilivyo.

Mnyororo upime kwa futi ya seremala: anzia katikati ya pini moja, na alama ya inchi 12 inatakiwa iangukie katikati ya pini nyingine. Ikizidi kwa inchi 1/16, nunua mnyororo. Ikizidi kwa 1/8, friwili (zile sproketi za nyuma) nayo imeshaliwa, nunua vyote viwili. Hakikisha unapewa mnyororo mwembamba wa gia, si ule mpana wa baiskeli za kawaida. Oili weka tone moja kwa kila kiungo kwa ndani, zungusha, halafu futa nje mpaka kitambaa kitoke kikavu. Oili inayobaki nje hunasa mchanga, na viwili hivyo pamoja ni msasa.

Matairi yana mtego mmoja. Inchi 26 siyo moja. Tairi lako ni lile lenye namba 559 ubavuni, kwa mfano 50-559, ambalo pia huandikwa 26 x 1.95. Lile la 26 x 1 3/8 ni 590 na halitaingia vizuri, hata muuzaji akuapie. Chukua upana wa 1.75 hadi 1.95 wenye meno yaliyoachana. Kwa mtu wa kilo 70 jaza upepo wa PSI 35 hadi 40, bila kutoka nje ya kiwango kilichoandikwa kwenye tairi.

Madigadi weka marefu, na ongezea ulimi mbele unaoshuka karibu na ardhi. Kipande cha dumu la mafuta kilichofungwa kwa boliti mbili kinatosha, nacho ndicho kitakachokinga ekseli ya katikati na mnyororo. Ila kwenye majaruba ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linasimama. Acha nafasi ya vidole viwili, na kipande hicho cha njia kikilowa sana, shuka ubebe baiskeli. Kulazimisha pedali hapo kunapinda kibadilisha gia cha nyuma.

Taa usiache. Huku kwetu jua linachomoza takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na najua walimu mnatoka kabla ya hapo. Nyekundu nyuma, nyeupe mbele.

Kuosha tumia ndoo na brashi. Mashine za kuoshea magari zinasukuma maji na mchanga kupita raba za beringi. Na tafadhali usiingie nayo ziwani. Maji ya kina kifupi ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni dhidi ya shughuli za uharibifu.

Ukimaliza kufunga, endesha wiki moja kwa safari fupi kabla ya kuitegemea kwenda kazini. Kisha kaza upya boliti za mikono ya pedali, nati za magurudumu na waya za breki, kwa kuwa vyote hulegea kidogo vikishakaa mahali pake. Mkono wa pedali ukiuendesha umelegea, tundu lake la pembe nne linapanuka na hapo hakuna spana itakayousaidia.